Mulango kwa Jina la Muzee Habarurema

Mpaka juma lile, Muzee Habarurema alikuwa anaijua internet kama kitu cha wapangaji, sawa vile kamba ya kuanika nguo: inapita kwenye parsele yake, kiwanja chenye nyumba zake za kupangisha, inapita hata juu ya kichwa chake, lakini nguo si zake. Wapangaji walimuomba jina tu, kwa sababu kampuni ya antena ilitaka jina la mwenye parsele. Aliwapa. Jina ni kitu cha kutoa bila kupungukiwa. Sasa alikuwa amekaa ndani ya kasho, chumba cha wafungwa kwenye biro ya polisi, juu ya bidoni ya maji iliyogeuzwa, na kandambili kwenye muguu mumoja, maana wale waliokuja kumuchukua hawakumungoja atafute ya pili.

"Mama Inspekta," alisema, "nieleze vizuri. Nimeua?"

"Hapana, muzee."

"Nimeiba?"

"Hapana."

"Basi niko hapa kwa kazi gani?"

Inspekta Pascasie alivuta kiti akakaa karibu na vyuma. Alikuwa mwanamuke wa Rutshuru, mwenye mwili muzito na sauti ya polepole, na hakuwa anauliza mutu neno akiwa amesimama. Aliyesimama anaogopesha, na mutu mwenye woga anajibu ili amalize tu.

"Redio ya mutaa ilitangaza kifo cha Mama Micheline, yule mujane anayeuza samaki kavu hapa Mapendo. Watu wakajaa kwake na kilio. Wakamukuta muzima. Tangazo lile liliingia redioni kwa njia ya internet, na waliotafuta lilipotoka wamekuta antena yenye jina lako. Kutangaza kifo cha mutu muzima ni kumutisha, muzee. Ni kama kumuwekea sanduku la maiti mbele ya nyumba."

"Mimi, hata ujumbe wa telefone, mujukuu njo ananiandikiaka."

"Na Micheline, mulikosana?"

Muzee alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamushika kifua kwa muda. "Micheline ananiwekeaka vichwa vya samaki kwa paka yangu. Nimuue, paka ikule nini?"

Kando yake kulikuwa sahani iliyofunikwa na kitambaa cheupe. Pascasie aliomba ruhusa, akakiinua. Bugali laini, sombe ya majani ya muhogo iliyotwangwa vizuri, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, za kukaanga zenye rangi moja, hata ndimu imekatwa pembeni. Si chakula cha kutupia mufungwa. Ni chakula cha mugeni.

"Binti zako wanakupikia vizuri."

"Si wao. Ni Kasoki, mupangaji wa chumba cha nyuma. Asubuhi sahani, jioni sahani. Hata binti zangu wanashangaa. Mutoto muzuri sana yule."

"Mbele ufungwe, alikuwa anakupikiaka?"

Muzee akafikiri. "Hapana," alisema, kama mutu aliyeona kitu kwa mara ya kwanza. "Tulikuwa tunasalimiana tu."

Kwenye koridoo Komanda Nshobole, mukubwa wa biro, alikuwa anamungoja Pascasie, funguo za gari mukononi.

"Kesho asubuhi gari ya gereza inakuja. Kartie, mutaa muzima, inalalamika, redio inalalamika. Mimi nataka jina, na jina liko."

"Komanda, yule muzee ana pumu. Gerezani hatamaliza mwezi."

"Basi niletee jina lingine. Ukikosa, huyu anapanda gari."

*

Parsele ya Habarurema ilikuwa na nyumba mbili za mbao na ukuta wa mawe meusi, na antena imefungwa juu ya bati na waya wa kuku. Paka ililala kwenye kizingiti. Kasoki alifungua mulango wa chumba chake mbele Pascasie hajagonga. Alikuwa binti mwembamba wa kutoka Beni, anayefundisha kompyuta kwenye shule moja ya muji, na macho yake yalikuwa ya mutu asiyelala.

"Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele amina. Karibu, mama."

"Nimeona sambaza zako. Nzuri. Unazikaanga na nini?"

"Na... na mafuta tu, mama."

"Mutu hamupikii jirani namna ile asubuhi na jioni bila sababu. Unamuomba msamaha wa nini?"

Kasoki alikaa kwenye kitanda. Macho yake yalienda chini ya meza na kurudi haraka. Pascasie aliinama, akashika goti, akatazama. Kulikuwa kisanduku cheusi kisichozidi Biblia, kimefungwa kwenye batri ya gari, na ndani yake feni ndogo inalia kama nyuki aliyefungwa ndani ya chupa.

"Ni nini hii?"

"Ni mulango, mama."

"Sioni bawaba."

"Duniani kuna watu wanaoacha mashine zao ziwake siku zote ili wengine wapite. Mutu anayetaka kujificha, ujumbe wake unaingia kwa mashine ya kwanza, inaurushia ingine, na ingine tena. Hakuna inayojua safari yote. Ya mwisho njo inautoa inje. Hii yangu ni ya mwisho. Kule ujumbe unafika, wanaona umetoka hapa."

"Kwa hiyo unajua ni nani alituma lile tangazo."

"Sijui. Hata munipige. Imetengenezwa ili nisijue."

"Wanakulipa?"

"Hakuna anayenilipa. Ni kazi ya kujitolea. Hata maji ya batri nanunua mimi."

"Basi kwa nini?"

Kasoki alikunja pindo la kitenge chake, akalikunjua. "Kule Beni nilikuwa na mwalimu, Madamu Katungu. Aliandikia redio juu ya watu waliokuwa wanakuja kuchukua vijana. Aliandika na telefone yake mwenyewe. Walifika kwake mbele redio haijasoma." Aliachilia pindo. "Njia ya kujificha ilikuwa iko, mama, lakini redio zetu zinakataa ujumbe unaotoka inje ya inchi, sababu ya uchafu mwingi unaotumwa kutoka mbali. Na milango yote niliyoona iko inje. Mutu wa hapa alikuwa anagonga, hafunguliwi. Nikasema, niweke mumoja hapa. Mupaka leo sijaona mwingine."

"Na mutu mubaya akipita?"

"Anapita pia. Siwezi kusema uongo. Barabara ya Munigi inapitisha mugonjwa na inapitisha mwizi, na hakuna anayefunga barabara."

"Barabara ya Munigi haikuandikwa jina la Muzee Habarurema."

Kisanduku kikaendelea kulia.

"Ulimuomba?" Pascasie aliuliza.

"Nilifikiri siku wakiuliza, nitaeleza."

"Hawakukuuliza wewe. Waliuliza kampuni, kampuni ikasema Habarurema. Na yeye ataeleza nini? Anajua nini?"

"Kila nikipeleka sahani nilikuwa nasema, leo nitasema. Halafu ninaona wale maaskari, ninaacha sahani, narudi."

"Ulijitolea," Pascasie alisema, bila kupandisha sauti. "Lakini kitu ulichotoa kilikuwa cha mutu mwingine."

Binti alifunika uso. Pascasie alimuacha alie, akatazama kisanduku. Alikuwa anafikiri. Kama redio haipokei kitu cha mbali, na mulango wa hapa ni huu tu, basi aliyetuma tangazo hakuupata kwa bahati. Aliujua.

"Nani anajua kama uko na mulango huu?"

"Wale niliofundisha kwenye sale ya mikutano ya parokia. Wamama zaidi. Watu wenye kitu cha kusema na woga wa kukisema."

"Nipe majina."

Kasoki alishusha mikono. Uso ulikuwa umelowa, lakini sauti ilikuwa imekauka. "Nifunge mimi, mama. Majina, hapana."

Pascasie alimutazama. Alikuwa amekwisha kuona wanaume wenye bunduki wakitoa majina ya ndugu zao kwa kikombe cha maji.

"Usikizime," alisema, akisimama kwa shida. "Usikimbie. Na jioni mupelekee muzee chakula chake."

*

Mapendo muzima ulikuwa na jina lake tayari, na jina lile lilikuwa Benny. Alikuwa mudogo wa marehemu bwana ya Micheline, na hakuna asiyejua kama anaitamani parsele ya mujane. Zaidi ya ile, siku ya kilio viti vyake ndivyo vilifika vya kwanza. Benny alikuwa anakodisha viti vya plastiki na mahema ya sheeting, kwa harusi na kwa vilio.

Pascasie alimukuta anaosha viti mbele ya depo yake.

"Watu wanasema tangazo lilisomwa, wamama bado wanatafuta vitenge vya kufunga, viti vyako vimekwisha kupangwa. Uliwasha gari mbele ya kifo, Papa Benny?"

"Eh, Mama Inspekta! Hata wewe!" Alitupa kitambaa ndani ya ndoo. "Mimi nasikilizaka matangazo ya vifo sawa vile wengine wanasikiliza mupira. Njo kazi yangu! Nikichelewa, wale wakodishaji wa Birere wanafika mbele yangu. Nilisikia jina la shemeji, nikapakia na machozi. Tena nilipakia vile vya bluu, vizuri, sababu ni familia."

"Na parsele?"

"Parsele naitaka. Sitakuficha. Lakini anayetaka parsele anangoja kifo cha kweli, mama. Cha uongo kinanisaidia nini? Sasa Micheline hata akipiga chafya watu wananiangalia mimi."

Pascasie aliona ni kweli, na hakufurahi. Jina lilikuwa limeanguka, na gari ya gereza ilikuwa bado inakuja. Lakini hakuondoka. Alichukua kiti cha bluu, akapangusa maji, akakaa. Benny, akimuona amekaa, akaendelea kulalamika, na Pascasie alikuwa amekaa kwa sababu ile ile.

"Hasara tupu! Viti vimevunjika, nani atanirudishia? Nimudai marehemu? Marehemu ananiangalia na macho mawili! Na wamama, mama, hawakuweza hata kupika. Walifika na maharagi yao, na sombe yao, na makala ya moto. Wakaingia jikoni. Sufuria, hakuna! Hata moja! Mwanamuke anayeuza samaki muji muzima! Walienda kuazima kwa masista. Niliona haya mimi, mutu wa familia."

"Hakuna sufuria," Pascasie alirudia.

"Hata mwiko."

"Na watoto wake? Walipoona watu wanamulilia mama yao, ilikuwa namna gani?"

"Hawakuwa. Wako Butembo, kwa shangazi. Aliwapeleka juma moja mbele."

"Shule zimefunga?"

Benny aliacha kulalamika. "Hapana," alisema.

"Plente, yale mashitaka, ni nani aliileta biro? Kwenye karatasi niliona alama ya kidole cha Micheline, lakini sauti ilikuwa yako."

"Ni mimi na wazee wa familia. Yeye alikuwa anatikisa kichwa tu. Tukamushika mukono, akaweka kidole."

"Alitikisa kichwa namna gani?"

Benny alijaribu kukumbuka. Alitikisa chake mwenyewe, kushoto na kulia, polepole.

"Namna ya kukataa," alisema. "Tuliona ni woga."

*

Nyumba ya Mama Micheline ilikuwa imefagiwa vizuri sana. Alikuwa mwanamuke murefu, wa familia ya Butembo, na alimupokea Pascasie mulangoni akiwa amefunga kitambaa cheusi cha ujane wake wa zamani.

"Nimetembea sana," Pascasie alisema. "Nipikie chai, mama."

"Chai..." Micheline aliangalia nyuma yake. "Ngoja niazime kwa jirani."

"Sufuria zako ziko wapi, Mama Micheline?"

Mwanamuke alisogea kando. Pascasie aliingia, akakaa kwenye mukeka, akamupa nafasi.

"Aliyetishwa anafunga milango," Pascasie alisema. "Hafungi mizigo. Na hafungi mizigo mbele ya kutishwa. Nimeona vilio vingi, mama. Wamama wanaingia jikoni ya marehemu wanakuta moto umezima, lakini sufuria iko. Kifo hakimupi mutu muda wa kupanga sufuria. Ziko wapi?"

"Bukavu," Micheline alisema. Alikaa chini. "Zilitangulia na boti, kwa rafiki. Mimi nilikuwa nifuate. Siku ile boti haikutoka sababu ya upepo."

"Na tangazo?"

"Nilifikiri watalisoma Jumapili nyuma ya misa, kama zamani tulipokuwa tunapeleka na mikono. Jumapili ningekuwa mbali. Kumbe sasa kifo kikiingia kwa internet wanakisoma palepale. Nilikuwa nafagia, Mama Inspekta. Nikasikia jina langu kwa redio ya jirani. Kisha nikasikia watu wanalia kwenye barabara, wanakuja kwangu. Ningekimbilia wapi? Walinikuta na ufagio mukononi."

Pascasie alitaka kucheka, na aliona aibu ya kutaka.

"Kwa nini ulijiua redioni?"

Micheline aliangalia mulango. Pascasie aliinuka akaufunga, akarudi.

"Niko na ndugu. Adalbert. Ni muvuvi kule Vitshumbi. Kule kuna watu wenye bunduki, muvuvi hashushi nyavu bila kuwagawia samaki. Anayekataa, pirogi yake inakutwa juu ya maji bila mwenyewe. Adalbert anaandika. Nani alichukua, nani alipotea. Redio inasoma, bila jina. Unasikiaka ile habari ya ziwa, Jumatano?"

"Nasikiaka."

"Ni yeye. Sasa wale watu wamewaza ni yeye, lakini amejificha, hawamupati. Wakanipata mimi. Walianza na heshima, shemeji, shemeji, ndugu yako anaishi wapi siku hizi? Kisha wakanitajia shule ya watoto wangu. Wakanitajia na rangi ya lango." Alipangusa uso na kitambaa. "Nikasema, nikifa, hawana wa kuuliza tena."

"Na yeye anapitia wapi kuandika?"

"Kwa Kasoki. Kasoki hamujui. Alinifundisha mimi kwenye sale ya parokia, na mimi nikamufundisha Adalbert siku alileta samaki. Mbele ya pale alikuwa anaandika na telefone yake hivi hivi, bila kujificha. Ana haraka, ndugu yangu. Akiwa na neno, hawezi kulala nalo."

"Mama Micheline. Kuna muzee mwenye pumu amefungwa kwa kifo chako."

"Nilijua wamefunga mutu. Jana njo nilisikia ni Habarurema." Sauti ilikatika. "Yule wa paka."

"Na haukuja."

"Nikija, mutaniuliza kwa nini nilifanya. Nikisema kwa nini, ninamutaja Adalbert. Na mbele ya meza yako, mama, ni nani anasikiliza? Wewe unaijua biro yako. Niambie hakuna, nitakuja sasa."

Pascasie aliijua biro yake. Aliangalia mikono yake mwenyewe juu ya mapaja.

"Utakuja," alisema mwisho, "lakini hautasema ile. Utasema unaondoa plente. Umesamehe."

"Nimesamehe nani?"

"Mutu asiyejulikana. Wewe ni Mukatoliki, hawatashangaa sana. Kisha boti ikitoka, upande."

*

Komanda Nshobole alisoma karatasi ya kuondoa plente, akaigeuza kana kwamba nyuma yake kuna karatasi ya kweli.

"Amesamehe."

"Ndiyo, Komanda."

"Na antena?"

"Inatumiwa na parsele nzima. Hata wapita njia."

Ilikuwa kweli, na kweli ile ilimukaa Pascasie kooni kama mwiba wa samaki. Komanda alimutazama, akatazama saa, akatia sahihi. Hakuna plente, hakuna mufungwa. Kisanduku cha Kasoki hakikutajwa. Pascasie hakuwahi kuficha kitu kwenye faili, mpaka siku ile.

Alimurudisha muzee nyumbani mwenyewe, polepole, wakisimama kila kifua kilipokataa. Kwenye parsele wajukuu walimurukia, na binti zake wakatandika mukeka inje. Kasoki alisimama kwenye mulango wa chumba chake. Pascasie alimuita na kidole.

"Mueleze. Mimi sitasema kwa niaba yako."

Kasoki alipiga magoti, akaeleza. Alieleza vibaya, akirudi nyuma, akilia, lakini alieleza yote: kisanduku, watu wasiojulikana, jina. Muzee Habarurema alisikiliza, paka imepanda juu ya miguu yake. Aliuliza maswali machache, na yalikuwa maswali ya mutu anayeelewa.

"Na ni nani wanapitaka hapo?"

"Sijui, papa."

"Wazuri?"

"Wazuri wengi. Wabaya pia."

"Kama ungeniomba, ulifikiri ningekataa?"

Kasoki aliinamisha kichwa. "Nilifikiri ndiyo."

"Njo maana haukuomba."

"Ndiyo, papa."

Muzee alipapasa paka.

"Kule ndani," alisema, "hawakunipiga. Nilikuwa nakaa tu. Na mutu akikaa bila kujua kosa lake, anatafuta ni nani anamuchukia. Nilianza na majirani. Nikaja kwa wapangaji. Nikafika kwa mukwe wangu, yule anayekata kuni pale, nikasema, ni yeye, anataka nyumba. Nilimuhukumu. Usiku nikamuhukumu hata binti yangu." Hakuwa anamuangalia mutu. "Leo wamenipikia, na mimi naona haya kuwaangalia. Kile utanirudishia na sahani gani, Kasoki?"

Mukwe wake, mbali kidogo, aliendelea kukata kuni.

"Kizime," muzee alisema.

Kasoki aligeuka akamutazama Pascasie. Pascasie alifungua kinywa. Kati ya wale watu, yeye peke yake alijua ni nani aliye upande wa pili, na jina lake, na ziwa lake. Na jina lile hakupewa ili aligawe kwenye parsele yenye wapangaji na masikio.

"Muzee," alisema, "pengine kuna mutu ambaye mulango ule ukifungwa..."

"Pengine. Siku zote kuna mutu." Hakuwa na hasira. "Na mimi, Mama Inspekta, si mutu?"

Muzee alikuwa na haki, na haki ile haikufuta hata chembe ya haki ya yule wa upande wa pili.

"Uko mutu, muzee," Pascasie alisema. "Kasoki, fanya vile amekuambia."

Binti aliingia chumbani. Mulango ulikuwa wazi, na wote walisikia ile feni ndogo ikipungua, ikipungua, mpaka kukawa sauti ya shoka peke yake.

Pascasie aliaga. Inje ya lango alisimama kando ya ukuta, akatoa telefone, akamuita Micheline.

"Nimesikia ametoka," Micheline alisema mbele ya salamu. "Mungu asifiwe. Nimelia sana, Mama Inspekta. Na boti inatoka kesho, wamesema upepo umetulia. Mungu akubariki."

"Micheline, nisikilize. Adalbert. Kuna namna ya kumufikishia neno? Leo?"

"Hapana. Sisi hatumupigiaka. Telefone yake inazimwa. Anaiwasha siku ya kuandika tu."

"Siku gani?"

"Jumanne, ili wasome Jumatano. Kwa hiyo leo." Kukasikika sauti ya mwanamuke anayesimama. "Kwa nini unauliza, mama?"

Motari mumoja, wa pikipiki ya kubeba watu, alipita akipiga honi, akamuuliza kwa mukono kama anapanda. Pascasie alimukatalia, akifikiria yule muvuvi mwenye haraka na telefone yake.

"Mama? Kwa nini unauliza?"